Habari ya mvua nayo iwe na etiketi

Mukinunua mfuko wa mbegu ya maharagi iliyokaguliwa na SENASEM, munakuta karatasi imeshonewa mudomoni mwa mfuko. Inasema ni mbegu ya aina gani, nani aliizalisha, ya msimu gani. Karatasi ikikosekana, munauliza. Muuzaji akishindwa kujibu, munaenda kwa mwingine. Hiyo tumeifundisha sisi wenyewe katika kooperative za Kivu, na leo hata mama asiyejua kusoma anaomba aoneshwe etiketi kabla ya kutoa franka zake.

Lakini habari ya mvua tunaipokea bila etiketi yoyote. Inafika kwa redio, kwa mesaji ya simu, kanisani, kwa agronomu anayepita na pikipiki. Hatuulize imetoka wapi, ni ya mlima gani, ni ya siku ngapi. Tunashika jembe tu.

Tutoe mfano wetu wenyewe, maana kosa lilikuwa letu pia. Msimu A mmoja, upande wa milima inayotazama Ziwa Kivu, kooperative moja tunayoisindikiza ilipata habari tatu katika juma moja. Redio ilisema mvua imeanza. Mesaji ya mradi mmoja ilisema msimu utakuwa na mvua kupita kawaida. Jirani aliyerudi kutoka soko la ngambo ya mpaka alisema kule wameambiwa wangojee kwanza. Wamemba walituuliza sisi, nasi tukajibu: "Mupande."

Mvua ilinyesha siku nne, kiisha jua likawaka zaidi ya majuma mawili. Maharagi yaliota, yakakauka. Mbegu ilikuwa ya mkopo. Kuna waliouza mbuzi ili walipe. Mama mmoja alitusemesha mbele ya wote: "Ninyi muko na mushahara kila mwezi. Sisi tuko na deni." Hatukuwa na jibu.

Tulipokaa kuchambua, tulikuta kwamba hakuna habari hata moja kati ya zile tatu iliyokuwa ya uongo. Redio ilisema mvua ya mjini, ya siku ile. Mesaji ilisema jumla ya mvua ya miezi mitatu, haikusema lolote juu ya mwanzo wa msimu. Jirani alileta habari ya mwanzo, lakini ya milima ya kwao. Vitu vitatu tofauti, na sisi tukavitia katika mfuko mumoja.

Tena tuliongeza kosa letu. Karatasi tuliyokuwa nayo mukononi ilisema mvua kupita kawaida ina uwezekano wa 45 juu ya 100. Sisi tukaifupisha: "Mvua itakuwa mingi." Tuone hesabu hiyo maana yake ni nini. Wataalamu wanachukua mvua ya miaka 30, siku hizi mara nyingi ile ya 1991 mpaka 2020, wanaipanga katika vikapu vitatu: miaka 10 yenye mvua nyingi, 10 ya katikati, 10 yenye mvua kidogo. Kama hatujue kitu, kila kikapu kina 33 juu ya 100. Wakisema 45, kikapu cha mvua nyingi kimekuwa kizito kidogo. Bado kunabaki 55 juu ya 100 kwamba msimu utaangukia kikapu kingine. Mukulima aliyeambiwa hivyo hapande shamba lote siku moja. Aliyeambiwa "itakuwa mingi" anapanda lote.

Kwa nini habari zinagongana kwetu hivi? Kwanza, nchi ni kubwa, inakatwa na ikweta. Msimu wa Kivu si msimu wa Haut-Katanga. Hata ndani ya Kivu ya Kusini, Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi na Ziwa Kivu kwenye mita 1460 hivi, na mashamba yanapanda juu zaidi. Mtu wa Uvira na mtu wa Kabare hawapande siku moja.

Pili, tuko kati ya nyumba nyingi. Mettelsat ndiyo agence ya taifa ya hali ya hewa. Kituo cha ICPAC, Nairobi, kinatolea habari nchi 11, ndani yake Rwanda na Burundi, majirani zetu, lakini Congo haimo. Kituo cha Douala kinashughulikia Afrika ya Kati. Nchi za SADC, ambamo tumo, nazo ziko na mkutano wao wa utabiri. Kila nyumba inatoa ramani yake na miezi yake. Ramani ya Oktoba mpaka Desemba ni nzuri, lakini haiseme kitu juu ya mwezi wa tisa, na sisi mwezi wa tisa ndio tunapanda.

Hatuhitaji kuvumbua kila kitu upya. Mwaka 2009, huko Geneva, nchi za dunia zilikubaliana kuwa na mpango mmoja wa huduma za tabianchi chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Katika nguzo zake tano, moja ni kukaa pamoja na wale wanaotumia habari. Rwanda ilianza kutumia njia ya PICSA tangu 2016: mukulima anaoneshwa mvua ya miaka iliyopita ya fasi yake, kiisha anachagua mwenyewe. Kinachokosekana kwetu ni kukubaliana, hapa chini, kwamba hakuna habari itakayosomwa katika kooperative bila etiketi. Tunapendekeza mistari sita.

1. Nani ametoa habari, siku gani, na inaisha lini. Kwa tahadhari ya hatari, sauti iwe moja, ya Mettelsat, na wengine waipitishe bila kuigeuza.

2. Ni ya fasi gani. "Kivu" haitoshi. Iandikwe teritware, na kama inawezekana, bondeni au juu mlimani.

3. Inasema kitu gani: mwanzo wa msimu, jumla ya mvua, kipindi cha jua katikati, ao mvua kali ya siku moja.

4. Uwezekano, kwa hesabu. "Katika miaka 10 kama huu, mine ao mitano inakuwa ya mvua nyingi." Maneno kama "labda" na "bila shaka" yawe na maana moja kwa mashirika yote.

5. Cha kufanya, kwa zao gani, na cha kufanya kama itakuwa kinyume. Kwa mfano: panda nusu ya mbegu, chunga nusu.

6. Nani atarudi mwisho wa msimu kutuambia nini kilitimia na nini hakikutimia.

Mstari wa sita ndio mugumu, juu hakuna anayependa kurudi pale alipokosea. Sisi tulirudi kwa ile kooperative, na haikuwa rahisi. Lakini ni baada ya siku ile ndipo walianza kutuuliza maswali ya kweli.

Kuna pia sehemu ya wakulima wenyewe. Kila kooperative iwe na kipima mvua, fasi ya wazi, mbali na miti na paa la nyumba. Milimeta 1 ni litre 1 ya maji kwa kila meta mraba. Kisomwe kila siku saa mbili za asubuhi, na mtu yule yule. Siku bila mvua iandikwe 0. Siku ambayo hakuna aliyesoma, ipigwe mstari, isiandikwe 0, maana hizo ni habari mbili tofauti. Kipimo kimoja kinachotumika katika ukanda wetu kinasema msimu umeanza pale milimeta 20 zimenyesha ndani ya siku tatu, na siku 21 zinazofuata hazina kipindi kikavu cha kupita siku saba. Kipima mvua kitawaambia hizo 20. Siku 21 za mbele, utabiri wa siku kumi kumi unasaidia, lakini haumalize mashaka. Ndiyo maana ya kuchunga nusu ya mbegu.

Wenzetu wengine wanasema mukulima hataelewa asilimia. Hatukubali. Wamama wa AVEC wanahesabu riba na sehemu za kila memba bila mashini. Wanajua kukopesha mtu mwenye mashaka ni kitu gani. Hesabu si shida. Shida ni sisi kuificha. Wengine wanauliza juu ya alama za wazee: ndege, upepo, maua ya miti. Ziandikwe pembeni mwa kitabu cha mvua. Baada ya misimu kumi tutajua zipi zinaaminika.

Neno la mwisho ni kwa mashirika, na sisi wa gazeti hili tuko ndani. Kila mradi unataka mesaji yake, yenye picha yake juu. Mradi unaisha, kipima mvua kinabaki katikati ya majani, kitabu kinapotea. Ni heri karatasi moja, yenye majina yetu yote chini, kuliko karatasi tano zinazobishana.

Mwezi wa tano 2023, mvua kali iliua watu zaidi ya 130 huko Rwanda. Siku chache hivi kiisha, tarehe 4, maji yalishuka Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Hatuseme kwamba etiketi ingezuia mto. Tunasema mawingu hayapite duane, na habari zake zisikwame mpakani wala zisifike zimegeuzwa.

Kabla ya msimu A, wekeni jambo hili katika mkutano mkuu wa kooperative yenu. Chagueni musomaji wa kipima mvua na mutu wa kumusaidia. Na agronomu akija kuwaambia mvua inakuja, hata kama ni sisi, mumuombe etiketi.