Mtungi wa gesi hautamwokoa dereva wa lori na joto la Voi

WAZO la kupoza hewa inayoingia kwenye injini kwa kutumia gesi iliyoshindiliwa mtungini lilianzia katika mashindano ya magari. Leo vifaa vyake vinauzwa hadharani kupitia intaneti, na yeyote mwenye fedha anaweza kuviagiza. Linalofaa kuulizwa na wenye malori, na hasa na mafundi wa jua kali wa Voi, Maungu na Mwatate, ni iwapo ujanja huu wa mashindanoni una nafasi yoyote kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi.

Swali si dogo kwa kaunti ya Taita Taveta. Voi ni mji ulioshiba kwa jasho la madereva. Serikali ilipoagiza mnamo Agosti 2019 kwamba makontena yanayoelekea bara yasafirishwe kwa reli ya SGR, Mombasa iliandamana, na miji ya kando ya barabara, Voi ikiwemo, ikaona mikahawa na gereji zikipoteza wateja. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 2022 alirejesha shughuli za kukagua na kutoa mizigo bandarini Mombasa. Mwaka uliofuata gharama nyingine ikamwangukia mwenye lori: mwezi Oktoba 2023 dizeli iliuzwa Sh205.47 kwa lita jijini Nairobi. Katika hali hiyo, kifaa chochote kinachoahidi nguvu zaidi kwa mafuta yale yale hakikosi mnunuzi.

Ahadi yenyewe ina msingi wa kisayansi. Injini huchoma mafuta kwa kadiri ya hewa inayoipata, na hewa yenye joto ni nyepesi. Ile ya nyuzi 35 ina uzito pungufu kwa asilimia sita hadi saba ikilinganishwa na ya nyuzi 15. Tabo, inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, huizidishia joto hadi kupita nyuzi 100. Ndiyo maana malori mengi ya kisasa yana rejeta ya pili, ya hewa, ambayo mafundi huiita intakula. Rejeta hiyo hupozwa na upepo wa nje, kwa hivyo haiwezi kuishusha hewa chini ya joto la Voi lenyewe.

Hapo ndipo mtungi unapoingia. Kaboni dioksidi iliyo kioevu ikifunguliwa ghafla hupanuka na kuwa baridi kupindukia, hadi nyuzi 78 chini ya sufuri. Ikinyunyiziwa juu ya intakula, hewa iliyo ndani hupoa kwa muda. Wanamashindano wana mbinu nyingine ya jamii hiyo: baadhi ya magari ya Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution yalitoka kiwandani yakiwa na tangi dogo la kunyunyizia intakula maji. Kwa dereva anayetaka ushindi wa sekunde chache, jambo hilo lina maana.

Dereva wa trela hahesabu sekunde. Injini ya lita 12 ikifanya kazi kwa nguvu zote humeza takriban kilo 25 za hewa kila dakika. Kuipunguzia hewa hiyo joto kwa nyuzi 20 tu kunahitaji kiasi cha kilo mbili za kaboni dioksidi kwa dakika, tena tukijidanganya kwamba hakuna hata chembe inayopeperushwa bure na upepo. Mtungi wa kilo 25 utakwisha kabla ya robo saa. Kutoka Voi hadi Mtito Andei ni karibu kilomita 100, na lori lililosheheni huchukua takriban saa mbili. Ni kweli kwamba hakuna anayekanyaga mafuta hadi mwisho njia nzima, kwani kuna mteremko wa kuelekea Mto Tsavo. Hata tukikata hesabu hiyo kwa nusu, bado lori litabeba mitungi minne au mitano ya chuma, ambayo kila mmoja una uzito kuliko gesi iliyomo, na kila kilo ya chuma hicho ni kilo ya mzigo iliyokosa nauli. Gesi yenyewe haipatikani kando ya barabara: kampuni ya Carbacid huichimba Kereita, Lari, kaunti ya Kiambu, na wateja wake wanaofahamika zaidi ni watengenezaji wa soda.

Kuna jambo la hatari zaidi ambalo watangazaji wa vifaa hivi hulipita haraka. Kaboni dioksidi ikishapita nyuzi 31 haiwezi kubaki kioevu, hata ishindiliwe namna gani. Mchana wa Februari au Machi Voi hupita kiwango hicho kivulini, sembuse ndani ya kabini iliyofungwa juani. Kwa nyuzi 20, shinikizo la mtungi tayari ni kama mara saba ya upepo wa tairi la lori, na joto likizidi shinikizo hupanda upesi. Ubaridi unaotafutwa unapungua saa ile ile hatari inapoongezeka. Kizibo cha usalama kikipasuka, gesi isiyo na rangi wala harufu hujaa mahali ambapo utingo amelala, na hewa yenye asilimia 10 ya gesi hiyo humzimisha mtu kwa dakika chache.

Wapo watakaosema basi itumiwe gesi ya naitrasi, au hata gesi ya kupikia. Ya kwanza huongeza oksijeni pamoja na ubaridi, lakini injini iliyoundwa kubeba mzigo kwa miaka haikuundwa kwa mishtuko hiyo. Kuhusu ya pili, Wakenya hawajasahau mlipuko wa lori la gesi huko Embakasi mnamo Februari 1, 2024.

Tiba ya kweli haina mvuto wa dukani. Vumbi jekundu la Tsavo na wadudu huziba intakula, na kuiosha kwa uangalifu kunarudisha sehemu ya nguvu iliyopotea. Mpira uliopasuka kati ya tabo na injini humwaga hewa ambayo tayari imegharimu mafuta. Kuna fenibelti iliyolegea, na rejeta iliyotiwa maji ya mtoni badala ya kulanti, kosa ambalo gari la mboga linalopanda kona za kutoka Mwatate kwenda Wundanyi hulilipia mapema kuliko trela la barabara kuu. Uzito nao una sheria yake: kikomo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56, na injini inayochemka kwa kuzidishiwa mzigo haina ugonjwa wa hewa.

Madereva wengi wamejipatia njia yao ya kupoza hewa, nayo ni kusafiri usiku. Injini hufurahi. Lakini ndovu wa Tsavo nao huvuka barabara gizani, na dereva aliyeendesha tangu Mombasa huwakuta macho yakiwa mazito. Mwenye lori anayepanga ratiba hiyo akiwa ofisini, huku akiahirisha kununua mpira wa intakula, ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza.