Pikapu Kuukuu na Kazi ya Theluji



Wakazi wa Portland, Maine, wanaotaka kuifanya pikapu kuukuu iwe gari la kusukuma theluji hukagua injini kwanza, ilhali hatari kubwa iko chini: chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima, huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na kutu hiyo haionekani mpaka mtu alale chali chini ya gari na kuigonga fremu kwa nyundo. Bamba la kusukumia, ambalo pamoja na vifaa vyake huweza kuzidi kilo 300, huning'inia mbele ya ekseli na kuzilemea springi, huku giaboksi ikichemka kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mfululizo. Rangi iliyochujuka si hoja. Fremu iliyotoboka haifai hata kwa theluji ya uga wa nyumba.

Msomaji, Portland