Utafiti wa Maradhi ya Akili Ufike Hadi Timau

Timau ni mji mdogo wa baridi kali, kaskazini ya Mlima Kenya, katika njia ya Nanyuki kwenda Meru. Kuna mashamba ya ngano na ya maua yauzwayo Ulaya, na watu wa kila pembe waliofuata kibarua. Ndugu msomaji, mmoja wao akiharibikiwa na akili, jamaa zake wampeleke wapi? Hospitali kuu ya maradhi hayo ni Mathari, Nairobi, iliyoanzishwa 1910, nayo iko mbali zaidi ya kilomita 200. Nani atamshika mgonjwa apigaye makelele ndani ya matatu mwendo wote huo? Basi huenda kwa aliye karibu: mganga, mchungaji, au sheikh.

Ndiyo maana nausifu utafiti uliofanywa Makueni, Ukambani, na Profesa David Ndetei na wenzake. Hawakuanza kwa kuwatukana waganga. Waliwafunza kuitambua huzuni iliyovuka mpaka, kuzungumza na mgonjwa kwa utaratibu, na kumpeleka kwa daktari aliyezidiwa. Mwongozo ulikuwa wa Shirika la Afya Duniani. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kuwa wagonjwa walipata nafuu.

Harare nako walifunzwa wanawake watu wazima wa mitaa, wakae bencini na wenye dhiki wawasikilize. Watu 573 waliingizwa katika jaribio. Baada ya miezi sita, waliobaki na huzuni ya ugonjwa walikuwa kama 14 katika kila mia. Kwa wale waliohudumiwa kwa desturi ya zahanati, 50. (Wazimu wenyewe, wa mtu kusikia sauti na kurarua nguo, huo wataka dawa, benchi peke yake haliutoshi.)

Wako kwetu pwani watakaosema maradhi haya ni ya pepo, hayana utafiti. Kisomo hakuna anayekikataza, lakini Mtume (S.A.W.) alituamrisha pia kujitibu, na hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, ya 1284, ilikuwa na sehemu ya wenye wazimu. Kumfunga mtu mnyororo uani si kisomo.

Ninalolalamikia ni matokeo kufungiwa katika majarida ya Kiingereza, ambayo muuguzi wa Timau au wa Lamu hayafikii. Zahanati ni za kaunti tangu 2013. Kaunti na ziwafunze watu hawa, tena ziweke dawa, maana sheikh atakayempeleka mgonjwa akakuta kabati tupu, wa pili hatampeleka.