Voi Haionekani Dirishani

Wanaohamia nchi ngeni hupewa wosia mmoja kila mahali: amini ulichokiona siku ya kwanza, maana mgeni ana macho mapya, na mwenyeji amezoea hata haoni tena. Naupinga wosia huu, na naupinga nikiwa Voi, mji ambao wapita njia wameuhukumu tangu reli ifike hapa mwishoni mwa karne ya 19.

Mtu anayehama kutoka Moshi huvukia Holili, akapita Taveta na Mwatate, akashuka Voi jua likiwa utosini. Anaona vumbi jekundu, malori ya barabara ya Mombasa, mikokoteni iliyojaa mitungi ya maji, na mbuga pana isiyo na jembe wala nyumba. Kabla ya magharibi ameshampigia simu ndugu yake: huku ardhi imelala bure na watu wamekaa tu. Alivyoviona vipo vyote. Hukumu yake ndiyo ya uongo.

Zaidi ya asilimia 60 ya Kaunti ya Taita Taveta, ulimo mji huu, imo ndani ya hifadhi za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Sehemu kubwa ya tambarare iliyobaki ni ranchi na mashamba ya mkonge. Anayelima pembezoni, ndovu humaliza mahindi yake usiku mmoja. Hayo hayaonekani kwenye dirisha la gari. Na maji? Chemchemi ya Mzima iko humu humu kauntini, na tangu miaka ya 1950 bomba lake linapeleka maji Mombasa. Wenye kubeba mitungi wanalijua bomba hilo vizuri sana.

Lakini mfano ninaoushikilia zaidi ni mtaa wa hapa Voi uitwao Tanzania. Pamoja na Bondeni, ulikua kama makazi ya vibarua na familia zao, juu ya ardhi ya shirika la reli na ya shamba la mkonge. Kwa miaka mingi mgeni aliyepita pale aliona kuta za udongo, akasema watu hawa hawataki maendeleo. Nani hujenga kwa mawe kwenye kiwanja anachoweza kuamriwa kukihama kesho? Kuta zile zilikuwa hesabu ya watu wenye akili timamu. Kisha ikaja miaka ya 1990, na mradi wa kuboresha makazi uliosaidiwa na Wajerumani. Wakazi wakaikataa njia iliyozoeleka ya kila mtu kupewa hati yake. Walichagua kuimiliki ardhi kwa pamoja, chini ya amana ya jamii: nyumba ni yako, waweza kuiuza au kuirithisha, lakini ardhi haiuzwi. Walijua kwamba hati za mmoja mmoja zingenunuliwa na wenye pesa, na wao wangerudi kuwa maskwota. Wataalamu wa mipango miji wameandika mengi kuhusu uamuzi huo. Aliyetazama kuta tu hakuona kitu.

Wako watakaonijibu kwa kumtaja mmisionari Johannes Rebmann. Mwaka 1848 alipita Taita, akaona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake, na wanajiografia wa London wakabisha. Ni kweli, mgeni yule alikuwa sahihi. Lakini hata yeye alimwuliza kiongozi wake weupe ule ni nini. Isitoshe, mlima hauna sababu za kuwa ulivyo ambazo utazijua kwa kuishi nao jirani, binadamu anazo.

Nikumbuke upande wa pili pia. Mhandisi wa reli, Patterson, alifika Tsavo mwaka 1898, na kitabu chake cha 1907 ndicho kilichoifundisha dunia kuifahamu kaunti hii kwa simba wawili wala watu. Baadaye alidai simba wale wawili waliua watu 135. Uchunguzi wa mifupa na nywele zao uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kama 35. Zaidi ya miaka mia moja, na bado watalii wanatuuliza habari za simba kabla ya kuuliza habari zetu. Simulizi ya mgeni hukaa, hasa mgeni mwenye kalamu, na anayesimuliwa hubaki akijieleza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huusoma msemo huo kama onyo kwa mvivu. Mimi naona jembe ndilo linalompa mtu haki ya kusema lolote kuhusu shamba.

Basi anayehamia mtaa wa Mwakingali au Sofia hapa Voi mwezi huu asikimbilie kutuma hukumu nyumbani. Amwulize mwenye nyumba ardhi ile ni ya nani. Amwulize muuza maji mifereji imekauka tangu lini. Akae kwenye baraza la chifu siku ndovu wanapojadiliwa, asikilize mpaka mwisho. Akishatoka hapo, kama bado ataniambia watu wa Voi wamekaa tu, nitamsikiliza.