Watoto wa samaki bila labo ni kutuchezea



Tunaambiwa kila siku: vijana, muachane na uvuvi wa haramu kwenye ziwa Edouard, muchimbe mabwawa, mufuge tilapia. Sawa. Vitshumbi na Nyakakoma haziwezi kulisha kila mtu. Lakini wakubwa wanagawa watoto wa samaki, wanapigwa picha, wanaenda. Siku samaki wanaanza kuzunguka-zunguka, macho yametoka, asubuhi wanaelea, nani anakuja kupima? Mufugaji anakimbilia farmasi, ananunua tetrasiklini ya watu, anaimwaga ndani ya maji. Hiyo si ufugaji, ni kamari.

Kinga ya kweli ni chanjo, na chanjo inaanza na samaki aliyekufa. Wataalamu wanatoa bakteria kwenye ubongo ao figo, wanasoma jeni zake zote, kisha kompyuta inatafuta protini zinazokaa juu ya bakteria, pale kinga ya samaki inaweza kuziona. Kwa Streptococcus agalactiae, anayeua tilapia katika inchi nyingi, protini moja inayochunguzwa inaitwa Sip. Kwa nini kuhangaika na protini? Sababu bakteria huyo ana aina nyingi: Ia, Ib, III. Chanjo ya aina moja inaweza kushindwa mbele ya nyingine. Protini ambayo aina zote ziko nayo ndiyo inaleta tumaini. Sasa kama hakuna anayechukua sampuli Rutshuru, chanjo itatengenezwa kwa bakteria za wengine, na sisi tutauziwa tu.

Musituambie «watu kwanza, samaki baadaye». Mwaka 2015, kule Singapore, bakteria huyo huyo aliwagonjwesha watu waliokula samaki mbichi. Norwei nayo, mwaka 1987, ilitumia karibu tani 50 za antibiotiki kwa samaki wa kufugwa. Chanjo zilipoenea, ndani ya miaka kumi hivi ikashuka hadi karibu tani 1. Dawa tunayoharibu ndani ya bwawa ni ile ile itakayoshindwa kumuponya mutoto wetu hospitalini.

Musituambie pia «hakuna uwezo». Goma iko na labo ya INRB, iliyopambana na Ebola na mpox. Butembo, UCG inafundisha waganga wa mifugo. Vita inafunga barabara, tunajua kuliko yeyote; lakini kipande cha figo ndani ya alkoli kinatunza jeni mpaka barabara ifunguke.

Tunadai mambo matatu:

1. Samaki wakifa kwa wingi, sampuli zichukuliwe.
2. Matokeo yarudi kwa mufugaji, na jeni ziwekwe wazi kwa wote.
3. Hakuna mradi wa kugawa watoto wa samaki bila pesa ya kupima magonjwa.

Mpaka hapo, kila mukubwa akikuja na ndoo yake, tumuulize mbele ya watu: labo iko wapi?