Neno Lililobaki Hurlingham



Likizo iliyopita, mume wangu nami tulimrejesha mama mkwe kwao Tanga, baada ya kukaa nasi miaka mingi hapa Hurlingham. Mama hakukubali kuliacha kasha lake la mvule wala cherehani yake ya miguu. Basi tukafunga tela nyuma ya gari, tukaazimia kupita Namanga, Arusha na Moshi, hadi Segera na Tanga.

Usiku wa kuamkia safari tulizozana. Chanzo kilikuwa karatasi: bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, kadi za chanjo ya homa ya manjano, na kitabu cha tela, kwani tela nalo nchini Kenya lina usajili wake, na nambari yake huanza na herufi Z. Kila mmoja alidhani mwenziwe ndiye aliyeziweka. Zilipatikana, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Alfajiri tuliswali, tukapakia bila ya kusemezana.

Mume wangu aliweka magodoro mbele, na kasha na cherehani nyuma kabisa, ili vishuke upesi. Nilijua kuwa si sawa. Kaka yangu ni dereva wa malori Mombasa, nami nimemsikia mara nyingi akisema kuwa mzigo mzito hukaa mbele kidogo ya ekseli, ili tela liegemee gari. Ukikaa nyuma, tela huyumba. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimenuna.

Namanga tulivuka salama, kwani siku hizi maofisa wa nchi zote mbili huhudumu katika jengo moja. Tulipita Longido, barabara ikapanda, kisha ikaanza kuteremka kuelekea Arusha. Mwendo ulipoongezeka, tela likaanza kucheza kushoto na kulia, kila mara zaidi, hata gari lenyewe likawa linavutwa. Alhamdulillahi, mume wangu hakukanyaga breki kwa ghafla. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani sawasawa, mpaka likatulia. Kiti cha nyuma, Mama alikuwa akitoa shahada.

Tuliposimama kando ya barabara, nilisema: "Kasha limekaa nyuma mno. Nililiona tangu nyumbani."

Hakunikemea. Aliuliza tu: "Uliliona, na Mama yumo garini?"

Sikuwa na jibu. Mama ndiye aliyesema: "Nawe mwanangu, ulimpa nafasi ya kukwambia?"

Tukashusha kila kitu, tukapakia upya, kasha mbele na magodoro nyuma, tukakaza kamba. Arusha tuliswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, kwa kupunguza, kama ilivyo ruhusa kwa msafiri. Kesho yake tukafika Tanga, na tela halikuyumba tena.

Dada zangu, nasi waume zetu, tukisafiri na tela hukagua minyororo, taa na magurudumu. Tuongeze na hili: kabla ya kuwasha gari, mmoja amwulize mwenziwe kama kuna aliloliona akalinyamazia. Kununa kwangu kulikuwa kwa usiku mmoja, lakini nusura kuwagharimu watu watatu roho zao.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote. Amin.