UFUNDI WA NYUMBANI: Mlango wa pikapu ulioteremka

Mwezi huu ukurasa wetu unaenda kwenye gari. Msiseme "sisi hatuna gari" mkageuza karatasi. Siku ya soko wengi wetu tunapanda pikapu zile zile, na watoto wetu mapajani.

Kuna mama mmoja hapa kambini ana pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1991, usukani uko kulia. Kijana wake ndiye dereva. Mlango wa abiria ulikuwa haufungi mpaka uubamize mara tatu, na kwenye kona mara nyingine unajifungua wenyewe. Wakaufunga kwa kamba. Siku moja kamba ilikatika, mlango ukafunguka gari likiwa linatembea, na dada aliyekaa pembeni na mtoto wake alishikwa nguo na mwenzake. Hakuna aliyeanguka, Mungu asifiwe.

Jioni ile mama akatuita. Si kwamba sisi walimu ni mafundi, hapana. Alitaka watu wa kumpigia hesabu. Fundi mmoja wa mjini alishamwambia kwamba mlango umepinda, hautengenezeki, anunue mwingine. Pesa ya mlango ilikuwa mbuzi wake wawili, na mbuzi wale ndio ada ya binti yake wa sekondari.

Tulienda na wanafunzi saba wa masomo ya jioni na rula mbili. Akaja pia mzee mmoja aliyekuwa fundi wa bodi kule Bukavu kabla ya kukimbia. Sisi tulikimbilia kile kichuma cha kwenye nguzo ambacho kufuli la mlango linakishika. Mzee akatuzuia: "Walimu, acheni hiyo kwanza. Kila mtu anaanza hapo, ndio maana milango inaharibika." Kweli, tulipoangalia vizuri, kichuma kilikuwa kimeshapigwa tupa. Kuna mtu alikikwangua ili mlango ufunge kwa nguvu, na tangu hapo kufuli likawa linashika nusunusu.

Mzee akataka gari lisimame mahali tambarare, bila mzigo. Kisha akalala chini kuangalia zile raba zinazobeba kabini juu ya chesisi. Raba ya upande mmoja ikiisha, kabini nzima inainama na milango yote inakataa, na hapo unaweza kuhangaika na mlango wiki nzima bure. Za mama zilikuwa zimechoka lakini zote sawasawa. Akaangalia pia boliti za madigadi, akaona rangi ya zamani bado imezifunika, maana yake madigadi haijawahi kusogezwa. Sasa tukafungua skrubu, tukatoa kile kichuma, tukafunga mlango polepole kwa mkono. Bila kichuma, mlango unakaa pale unapotaka kukaa wenyewe, na ndipo unaona ukweli wake.

Wanafunzi wakapima mianya. Mbele, kati ya mlango na madigadi: juu milimita 9, chini milimita 3. Nyuma, kati ya mlango na nguzo: juu milimita 2, chini milimita 8. Tukaandika kwenye daftari. Mwanafunzi mmoja, msichana ambaye darasani haongei kabisa, akasema, "Mwalimu, juu ni 11 na chini ni 11."

Hapo ndipo mambo yote yalipo. Kama mlango ungekuwa umepinda, au nguzo imesukumwa na ajali, jumla ya juu na jumla ya chini zingeachana. Tungepata 11 juu na labda 16 chini. Lakini jumla ni ile ile, kwa hiyo bati halijapungua wala kuongezeka. Mlango umeinama tu: mkia wake umeshuka, kichwa kimelalia nyuma, mguu umeenda mbele. Mzee akacheka, "Haijaharibika hii, imechoka bega." Yeye alishajua kwa jicho, lakini mama aliamini zaidi alipoona namba.

Bega lenyewe ni bawaba ya juu. Ukitaka kujua, fungua mlango nusu, shika ncha yake ya nyuma, inua na kushusha, na mwenzako aangalie bawaba. Pini ikichezacheza ndani ya tundu lake, pini na bushi zimekwisha. Bamba la bawaba likisogea juu ya nguzo, ni boliti zimelegea. Bati la nguzo lenyewe likipumua, kuna ufa, na hiyo ni kazi ya kuchomelea, msiifanye nyumbani. Yetu ilikuwa pini ya juu. Ilikuwa imelika katikati kama mfupa uliotafunwa! Mama akapeleka ile ya zamani mjini kwa mchonga vyuma, akatengenezewa pini mpya na bushi za shaba. Alilipa, ndiyo, lakini mbuzi walibaki zizini.

Kuirudisha kulichukua Jumamosi nzima. Tuliweka jeki chini ya ncha ya mlango, juu yake ubao na tambara ili bati lisibonyee. Mzee alilegeza kidogo tu boliti za bawaba ya juu upande wa nguzo, za chini hakuzigusa. Ukilegeza zote pamoja mlango wote unakuangukia. Jeki ikapandishwa kidogo sana, tukasukuma kichwa cha mlango mbele, akakaza boliti moja, tukafunga polepole, tukapima. Haikutosha. Tukarudia mara tano au sita, watoto wa jirani wakihesabu milimita kwa sauti kama mpira wa miguu. Mwishoni tukapata mbele 6 juu na 5 chini, nyuma 5 juu na 6 chini. Bado ni 11! Mzee alisema kwa gari la umri huo tusitafute zaidi, na kama mwanya wa mbele tu ungebaki mbaya, kinachosogezwa ni madigadi, si mlango.

Kichuma cha nguzoni kilirudi mwisho kabisa, na si kile kilichokwanguliwa, tulipata kingine kwenye gari bovu. Unakikaza kidogo, unafunga mlango taratibu huku unautazama. Mlango ukiinuka wakati unaingia, kichuma kiko juu mno. Ukishuka, kiko chini. Ukiwa sawa, unakaza kabisa.

Akina mama na baba mnaopanda, sikilizeni sauti. Kufuli la mlango wa gari linashika mara mbili, ka, halafu ka. Mkisikia moja tu, mlango haujafunga hata kama unaonekana umefunga. Mwambieni dereva asimame, msione haya. Na tafadhali, mnapopanda msininginie mlango, wala msitundike vikapu kwenye dirisha lake. Shikeni nguzo. Pini ile haikuliwa na kutu, ililiwa na sisi abiria.

Pikapu ya mama sasa inaenda soko bila kamba, na binti yuko shuleni. Vumbi bado linaingia upande ule, maana mpira wa mlango umekauka na kukatika. Mwenye kipande kizima cha mpira wa mlango wa Hilux, hata kilichotumika, atuone shuleni jioni yoyote isipokuwa Jumapili.